Rubani Aliyerudishwa Sehemu ya Saba

Filamu ikishafika sehemu ya nne, mimi huwa nashusha matarajio. Ya kwanza waliitengeneza kwa sababu walikuwa na hadithi, na hata ya pili na ya tatu unaweza kuwaelewa, maana kuna mambo yaliachwa njiani. Baada ya hapo wanakamua tu. Nasema hivi bila hasira. Nina steshenari Musoma mjini, natoa kopi, nachapa barua za watu wanaoomba kazi, na kwenye kompyuta ya pili nawawekea wateja filamu kwenye flashi. Kazi hiyo inanifanya nione karibu kila kitu kinachotoka, na kingi kinachotoka ni kibovu.

Mfululizo ninaotaka kuusimulia ni ule wa rubani mwenye mkono wa chuma. Sehemu tatu za mwanzo alirusha chombo chakavu angani na kupigana na mashine zilizoasi, akafa mwishoni mwa ya tatu. Ya nne wakaleta binti yake, ambaye kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumtaja hata kwa bahati mbaya. Ya tano mashine zikawa marafiki zetu. Ya sita kila mtu ana utani mdomoni, hata ukuta ukimwangukia mtu anapata nafasi ya kusema kichekesho kabla hajafukiwa. Niliiangalia huku nikiweka vyeti vya watu kwenye mashine ya laminesheni, na sikuona nilichokosa kila nilipoinama.

Lakini watu wa Bunda hawakuiona filamu hiyo kama nilivyoiona mimi. Kaka yangu ana kibanda cha video huko huko, mtaa wa Manyamanyama, na yeye ndiye mtafsiri. Anapunguza sauti ya filamu, anashika maiki, anawasemea wote waliomo: rubani, adui, mwanamke anayelia, mashine. Kiingereza chake kiliishia kidato cha pili. Mengine anayasoma kwenye nyuso, na kinachobaki anakijaza mwenyewe. Kwake rubani anagombana na wakubwa wake kuhusu bei ya pamba, na jeshi la maadui likitokea anapiga kelele kwamba ng'ombe wa watu wameingia shamba. Anajaza watu kwa hiyo sauti. Nimewahi kumsikia akitafsiri busu refu sana kama mazungumzo ya mahari, na wazee wakawa wanatikisa kichwa kukubali.

Tulikuwa watatu kwa mama. Mdogo wetu alikuwa akivuka kwenda visiwani kununua samaki, na siku moja mtumbwi ukapinduka. Wenzake walipatikana, wengine wazima na wengine wafu. Yeye hakupatikana. Watu walitafuta, kisha wakaacha kutafuta bila mtu yeyote kutangaza kwamba wameacha. Hatukuwa na cha kuzika. Ibada ilifanyika Butiama nyumbani kwa mama, watu wakala, wakaondoka, na kuanzia hapo mama akawa anamwekea chakula. Kila jioni alipakua sahani moja ya ziada, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya kabati. Asubuhi aliwapa kuku. Mimi nilijaribu kuongea naye, mchungaji naye akajaribu. Alitusikiliza vizuri sana, akasema ndiyo, na jioni akapakua.

Ndipo ikaja sehemu ya tatu. Mama alikuwa Bunda kwa kliniki ya presha, na kwa sababu hakuwa na la kufanya mchana ule, kaka alimkalisha benchi la mbele. Mwishoni rubani anabaki peke yake kwenye chombo ili wenzake wapate kukimbia. Mlango unajifunga, chombo kinazama kwenye bahari ya moto ya sayari fulani, na hawamwoni tena. Kabla hajazama anaiangalia kamera. Kaka akasema kwenye maiki, taratibu, "Mama, mimi siji tena. Msinisubiri kula. Chakula changu wape wengine."

Kaka anasema hakuwa amepanga, maneno yalimtoka tu. Kibanda kizima kililia, wanaume wazima wa minadani walijifuta kwa kofia. Mama hakulia. Jioni ile alipika nyumbani kwa kaka, akapakua sahani za watu waliokuwepo. Aliporudi Butiama, shangazi aliyekuwa akikaa naye alinipigia simu kuniambia kwamba kabati halina kitu juu. Sikujua kama nicheke au nini. Nilifunga duka mapema, nikaenda kukaa ufukweni peke yangu hadi nikahisi baridi.

Tangu hapo, kila kaka aliporudia sehemu ya tatu, mama alikwenda Bunda kuiangalia. Ile tu. Alikaa benchi lile lile, rubani akafa, yeye akanyanyuka.

Kwenye filamu yenyewe rubani hasemi kitu. Anameza mate, basi. Kijana mmoja wa Bunda aliyehamia Musoma alitaka ile ya Kiingereza yenye maandishi chini, nikamwekea. Kesho yake alirudi na flashi yake amenuna. Alidai nimempa iliyokatwa. "Pale kwenye msinisubiri hamna kitu, dada," akasema. Nilimwambia ndivyo ilivyo. Hakuniamini, na sikuona sababu ya kubishana na mteja.

Sehemu ya saba nilikuwa wa kwanza kuiona kati yetu, maana mtandao wa dukani una nguvu. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea isipokuwa milipuko. Halafu mlango wa chombo unafunguka na anaingia rubani. Yule yule, na mkono wake wa chuma. Binti yake anamuuliza alikuwa wapi. Anajibu kwamba ni hadithi ndefu, anakaa kwenye kiti chake, wanaondoka. Hawagusii tena jambo hilo hadi mwisho. Uso wameuchora kwa kompyuta, kwa sababu mwigizaji mwenyewe ni mzee sasa. Mashavu ni laini kuliko ya mtoto, na macho yanachelewa nyuma ya mdomo.

Hapo nilikasirika kwelikweli, mimi niliyesema sina hasira. Kuna watu walikaa kwenye ofisi yao yenye kiyoyozi, wakaona biashara imelegea, wakaamua kumtoa marehemu. Hawakujitaabisha hata kutafuta uongo mzuri. Nilimfikiria mama na lile kabati. Kama rubani anaweza kutoka kwenye bahari ya moto akasema ni hadithi ndefu, mtu aliyezama Ziwa Viktoria ana shida gani? Nilimpigia kaka.

"Umeiona?"

"Nimeiona, dada. Mabenchi nimeshaazima, nimetangaza mpaka sokoni. Watu watakuja wengi hii mara."

"Na mama?"

"Mama alinipigia mwenyewe. Kasikia kuna mpya. Anakuja Jumapili."

"Mwambie umeme umekatika."

"Unamjua mama. Atakuja akae gizani angojee urudi."

Tuliwaza wote wawili kwenye simu, salio langu likienda. Mwishowe nikamwambia amfanye pacha. Maiki si ilikuwa mkononi mwake? Aseme tu kwamba yule wa kwanza alikufa kweli, na huyu ni ndugu yake.

"Pacha," akasema kaka, akilipima. "Hii kitu inaweza kukubali."

Jumapili nilimfuata mama Butiama baada ya ibada, tukaenda Bunda. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, amebeba karanga za kuchemsha kwenye mfuko. Njiani aliongea habari za mahindi na za jirani anayejenga. Nilimchunguza usoni kama daktari na sikuona kitu.

Kibanda kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Kaka alianza vizuri sana, milipuko ile ya mwanzo akaigeuza ugomvi wa mpaka wa mashamba, watu wakawa wanapiga benchi kwa furaha. Kisha mlango wa chombo ukafunguka. Kaka akawahi.

"Ndugu zangu, msishtuke! Huyu ni pacha wake! Walizaliwaga wawili, huyu alikuliaga kwa wajomba!"

Kutoka nyuma mtu akauliza, "Na pacha naye alikatikaga mkono?"

"Tena ule ule wa kushoto," mwingine akadakia.

"Ajali tu, jamani," kaka akasema kwenye maiki. "Kwani ajali inachaguaga?"

Watu wakacheka, na nadhani angeweza kuwavusha. Wanampenda. Lakini mama alikuwa benchi la mbele, karibu kabisa na maiki, na aliposema hakupaza sauti, spika ndizo zilizompaza.

"Acha kudanganya watu. Ni yeye. Nilishamwonaga kwenye simu ya jirani. Sema anachosema."

Spika zilikuwa zinaunguruma tu. Rubani alifungua mdomo na kuufunga bila sauti, na watu wote wakamgeukia kaka.

"Anasema ni hadithi ndefu," kaka akasema.

Kuanzia pale alitafsiri kama ilivyo. Hakuweka pamba wala ng'ombe, wala mjomba wa mtu. Kiongozi akisema waende, kaka alisema anasema waende. Sijawahi kumsikia akifanya kazi hivyo, kabla ya siku ile wala baada yake. Mtu mmoja aliuliza, "Ndiyo hivyo tu?" Kaka akajibu, "Ndiyo hivyo." Wengine walitoka wakaenda kukaa kwenye pikipiki zao nje. Filamu ilibaki peke yake ukutani, na kila mtu akauona ubovu wake.

Mimi sikuwa naiangalia. Nilikuwa namwangalia mama. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya mfuko wa karanga, anaukodolea macho ule uso uliochorwa. Kila rubani alipotokea alisogea kidogo. Niliogopa sana. Nilishaiona jioni yake ya kesho Butiama, naye anafungua kabati kuchukua sahani mbili.

Ilipoisha hakuna aliyepiga makofi. Tulimtoa mama nyuma ya kibanda, penye kivuli, tukampa kiti cha plastiki. Kaka alileta soda, akachuchumaa mbele yake. Ana tumbo sasa, kuchuchumaa si jambo dogo.

"Mama, unisamehe. Wametuharibia."

"Wameharibu nini?"

"Yule mtu. Alishasema msimsubiri. Sasa wanamrudisha." Akainamisha kichwa. "Na yale maneno nilisema mimi. Yeye hakusema kitu."

"Najua ni wewe," mama akasema. "Mzungu wa angani atajuaje kama mimi napakuaga sahani?"

Tukatazamana, mimi na kaka. Miaka yote ile tulidhani ni rubani aliyemshawishi.

"Sasa kwa nini uliacha, mama?" nikamuuliza.

"Mtoto wangu aliniomba mbele ya watu. Ningefanyaje?" Akanywa soda kidogo, akashusha chupa. "Nikaona nawaumiza ninyi mliobaki. Nikaacha kupakua."

Kaka alianza kulia, hapo hapo, na chupa yake mkononi. Mama alimwacha alie. Kwa ndani tulisikia watu wakipanga mabenchi ili yarudishwe kwa wenyewe. Alimenya karanga, akanipa mimi, akampa kaka. Nilidhani amemaliza.

"Lakini huyu wa leo wameniudhi," akasema. "Nimemwangalia mpaka macho yakauma. Amepotea miaka yote hiyo na amerudi vile vile alivyotoka. Hata kunenepa, hapana. Wale watu hawakuwaga wanamngojea."

"Ni kompyuta, mama," nikamwambia.

"Iwe kompyuta. Mtu unayemngojea unajua sasa hivi yukoje." Akapeleka mkono kwenye kichwa cha kaka, akamgusa pembeni, juu ya sikio. "Mdogo wenu saa hizi ana mvi. Zimemwanzia hapa, kama baba yenu."