Kofia Tupu ya Jabez Thirkell

Ko, ko, ko-ko. Ndivyo fimbo ya Jabez Thirkell ilivyogonga kizingiti kila jioni akipima mizani za mashairi yake. Mkewe Keturah, hata akiwa kisimani, aliisikia kichwani na kujua kuni hazijapasuliwa.

Jabez alikuwa mchungaji wa kondoo katika vilima vya Lincolnshire, Uingereza, na kazi aliijua. Ila mashairi yalimla. Gazeti la wilaya lilimchapishia matatu, moja kwa jina la mtu mwingine, naye akasikitikia koma iliyokosewa tu. Kitabu chake chembamba kilinunuliwa na kasisi, mhunzi, na mjane aliyedhani ni cha nyimbo za dini.

Mwaka ule kondoo waliingia shamba la tanipu, zile mboga za mizizi, yeye akitafuta kina. Bwana wake alipomuuliza, akaeleza hivyo hivyo. Jabez hakujua uongo, na wilaya nzima ilijua. Akafukuzwa. Nyumba ilikuwa ya bwana, basi asipopata bwana mwingine kwenye gulio la Novemba, ambako mabwana huajiri watumishi, yeye na Keturah na watoto hawangekuwa na pa kulala.

Asubuhi ya gulio Keturah alimfungia kishungi cha sufu kofiani, alama ya mchungaji anayetafuta kazi, kisha akaenda kuuza mayai. Adhuhuri alimkuta amesimama sokoni, kofia tupu, uso umetulia. Anayevua alama ni yule aliyekwisha kuajiriwa. Keturah akamshukuru Mungu, akauliza bwana mpya ni nani.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema Jabez. "Watu wa mwaka huu wana haraka."

"Sufu iko wapi?"

Alikuwa ameitoa njiani kuzibia kichupa cha wino kilichopata ufa.

"Baba Hester," akasema Keturah polepole, "wamekupita asubuhi nzima wakidhani una kazi."

"Ndiyo maana," akasema Jabez, kama aliyeelezwa mambo ya jirani.

Keturah akamtia mkono mfukoni, akaitoa sufu iliyolowa wino mweusi tii, akaichomeka kofiani kwa nguvu za kutosha kung'oa jino. Mabwana wengi walikwisha kuondoka. Mmoja wa waliobaki, Harnby, mwenye shamba kubwa upande wa mtoni, akasimama na kuitazama.

"Kondoo wako wanalala kwenye makaa, mzee?" Kisha akamtambua. "Kumbe ni wewe, mtunzi. Sikiliza. Kazi ipo na nyumba ipo, lakini kwangu sitaki mashairi. Niambie umeacha, basi. Neno lako linanitosha."

Keturah akafungua mdomo. Harnby akainua kidole; alitaka mume ajibu mwenyewe. Keturah alilijua jibu. Alikwisha kuanza kufikiria banda la dada yake, watoto wamelala juu ya magunia, na akauchukia ule ukweli wa mumewe kama mtu anavyochukia paa linalovuja.

"Nimeacha," akasema Jabez. Akafungua kiganja, akapokea shilingi ya kumfunga kazini mwaka mzima.

Njia yote ya kurudi Keturah aligomba: sufu, wino, tanipu, soli za viatu vyake, miaka yote. Kwenye lango la malisho pumzi zilimwishia Keturah, akaegemea mbao. Ndipo alipoona mumewe ameufungua mkono na anaitazama ile shilingi kana kwamba ameiokota kanisani.

"Nimemdanganya," akasema Jabez, kwa sauti ndogo sana.