Bundi Aliyechorwa Juu ya Sanduku

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, nami nilikuwa mtoto wa miaka saba. Saa naikadiria kwa kengele ya shule ya misheni, iliyolia saa tisa kila siku, na kwa kivuli cha ghala la mahindi, ambacho kilikuwa kimeufikia mlango wa nyumba ya nyanya. Siku naijua kwa sababu kesho yake ilikuwa Ijumaa ya soko, na sokoni hatukwenda; tulizika.

Ndani ya nyumba ile palikuwa na sanduku la bati ambalo mmisionari Mjerumani alimwachia babu alipoondoka kwetu Ukambani. Kwenye kifuniko ilichorwa ngao, na ndani ya ngao bundi mweupe ametua juu ya lango la mawe, ameshika ufunguo kwa kucha. Kwetu, bundi akitua karibu na nyumba yenye mgonjwa, mtu huchukua kijinga cha moto akamrushia, maana ndege huyo amekuja kuita jina. Huyu wa sanduku hakufukuzika. Kwa hiyo nyanya alimfunika kwa kaniki, akatuonya: "Siku mtakayomfunua huku kuna mgonjwa, chimbeni na kaburi kabisa."

Dada yangu Mwende, aliyenizidi mwaka mmoja, alikuwa na homa kwa siku ya nne. Wakubwa walikuwa nje wakimchemshia mizizi. Akaniomba nimwonyeshe yule ndege, nami nikamfunulia. Punde kaka yetu, Kyalo, alirudi na mbuzi, akachungulia mlangoni, akamkuta bundi wazi. Alfajiri Mwende akafa.

Hakuna aliyenipiga. Ingekuwa nafuu. Kyalo aliacha tu kula nami sahani moja. Miaka mingi baadaye ndiye aliyenitafutia kafili, mwajiri wa kunidhamini Uarabuni, kwa kuwa damu ni damu. Yeye alikuwa dereva Jeddah. Mimi nikawa mlinzi wa lango huku Suwaidi, Riyadh. Tuliongea kwa simu juu ya ikama, kile kibali cha kuishi huku, na misiba ya nyumbani, basi.

Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka hamsini na mitatu, peke yangu kibandani, kwa maandishi ya makopo ya maziwa na magazeti yaliyotupwa. Majuzi mpwa wangu alinitumia picha ya sanduku lile, akiuliza kama aliuze. Chini ya ngao palikuwa na herufi ambazo utotoni nilizidhania mapambo. Safari hii nilizisoma: jina la mji mdogo wa Ujerumani. Nikaliandika kwenye simu, ikaja habari ya nembo ya mji huo, kwa Kiingereza.

Niliisoma siku tatu, kamusi magotini. Siku ya pili gari la madam, mke wa kafili wangu, lilisimama langoni.

"Baba Musyoka, kila saa simu! Kazi mafi, hakuna?"

"Nasoma, madam. Habari za bundi."

"Bundi? Audhubillahi!" Akapandisha kioo. "Yalla, fungua lango."

Habari ile ilisema kwamba zamani walinzi wa mji walisinzia, moto ukashika maghala, na bundi wa mnarani akalia mpaka watu wakaamka. Wakamchora kwa shukrani, wakampa na ufunguo, kwa kuwa alilinda lango kuliko waliolipwa kulilinda. Lakini chini yake pameandikwa kwamba wajuzi hawakubaliani: huenda bundi alikuwa alama tu ya ukoo uliotawala, na kisa cha moto kikatungwa baadaye. Hapo nilichoka. Hata wenye bundi hawana hakika na bundi wao.

Kyalo anarudi nyumbani moja kwa moja mwezi huu. Miguu imevimba, na kafili wake amemwambia halas, kazi imekwisha. Nilijua nisipozungumza naye sasa, tutazikana tukiwa vilevile. Nikampigia.

"Kaka, yule ndege wa sanduku alikuwa mlinzi."

"Mlinzi wa Wazungu. Mwende alimlinda?"

"Hapana."

"Basi lala, kijana. Umejua kusoma uzeeni, sasa kila karatasi unaiamini." Kisha akasema polepole, "Ulimtisha mtoto. Alikufa na hofu. Hilo ndilo halinitoki."

Ndipo nikamwambia nililolificha miaka yote, nikichelea kuitwa mwongo juu ya maiti.

"Hakuogopa. Alimkazia macho yule ndege, akasema, 'Ona anavyokodoa! Kama Kyalo akinyimwa uji.' Akacheka mpaka akakohoa."

Nilisikia honi za teksi za Bani Malik, mtaani kwake Jeddah.

"Mimi?" akauliza. "Uji gani?"

"Wa mtama. Ulikuwa ukinuna mpaka kesho yake."

Sauti iliyofuata sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio, na sikuuliza.

Siamini tena kwamba bundi yule aliita jina, wala siamini kwamba alilinda mtu. Homa iliua, na dawa haikuwapo. Lakini nyumbani bado wanasimulia, na wanaosimulia hawakuwapo. Wanasema ilikuwa usiku. Ilikuwa mchana, jua limeingia hadi kitandani. Wanasema nilimfunua kwa utundu. Niliombwa na mgonjwa. Wanasema Mwende alipiga yowe lililosikika ng'ambo ya mto. Aliyepiga yowe ni kaka yangu, naye alikuwa mtoto wa miaka kumi.