Mwisho Ambao Mama Aliukataa

Nilipanda hadi Masisi kumchukua mama. Nilikuwa mwalimu Walikale, nina chumba cha kupanga chenye kitanda na kufuli nzuri, na nilikwisha kuamua kwamba mama mzee hawezi kuendelea kukaa peke yake kilimani akilinda maharage huku kila msimu watu wanakimbia vita. Furushi lake nililifunga mwenyewe, nikaliweka mlangoni. Alilitazama kama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani mwake.

Mchana huo watu wa misaada walileta sinema kwenye ukumbi wa parokia, eti tupunguze mawazo. Tuliomba mbegu, tukaletewa kicheko. Madirisha yalizibwa kwa turubai, shuka nyeupe ikatundikwa ukutani, na bwana mmoja mwenye suruali pana akaanza kuanguka. Alianguka kwenye ngazi, akaanguka ndani ya pipa la chokaa, akainuka, akapigwa na ubao. Neno hata moja halikusikika.

"Son iko wapi?" baba mmoja aliuliza.

Animateri, yaani kijana wa mjini aliyeongoza onyesho, mwenye gileti ya mifuko mingi, alieleza kwamba filamu yenyewe haina sauti. Yule baba akatugeukia: "Walishauzisha son mu njia."

Hata hivyo tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama alituzidi wote, nami nikafurahi. Mtu aliyecheka hivi, nilijiambia, kesho atapanda pikipiki bila ubishi.

Kisha mwisho ukafika. Yule bwana, akiisha kulishwa na mjane mmoja, alibeba furushi begani akaondoka peke yake kwenye barabara tupu, akizidi kuwa mdogo. Animateri akapiga makofi.

"Mumeona? Njo espoir!"

Eti matumaini; makofi yalikuwa yake peke yake. Kwetu, mtu mwenye furushi barabarani si mwisho wa kitu chochote. Wanawake wawili nyuma yangu walikuwa wameshasimama kutafuta watoto wao.

Mama akainuka. "Kwenye anaenda, iko muntu mwenye anamungojea?"

"Film haisemi ile, Mama."

"Basi haiyaisha."

Zikazuka kelele, hadi filamu ikarudishwa pale mezani kwa mjane, bwana anakula. Hapo ndipo tulipopiga makofi, tukatoka. Animateri aliandika kitu kwenye simu yake, nadhani kwamba tumepona.

Nyumbani mama alifungua lile furushi, akarudisha kila nguo kwenye msumari wake, akapakua maharage. "Kula," aliniambia.

Asubuhi niliondoka peke yangu, nina uchungu, na hasira pia. Kwenye mteremko mguu uliteleza, nikakaa matopeni mzima mzima, begi likaendelea na safari bila mimi. Mama, mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka, akapaza sauti:

"Mutoto wangu! Kwenye unaenda, iko muntu mwenye anakungojea?"

Chini barabarani pikipiki ilikuwa inapiga honi. Nikaiwaza ile kufuli yangu nzuri, na chumba kisicho na mtu nyuma yake. Nikainuka, nikalifuata begi.