Nilivyopima picha ya mke wangu kwa kiganja

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mbao nimeuza Igowole mpaka nikajenga, na sidanganywi. Mbao mbichi naijua kwa kuigusa tu.

Jumapili mpwa wangu Tuli, mchoraji wa Ipogolo, alifunua mbele ya wageni picha ya mke wangu. Nikacheka.

"Hii umepiga kwa simu, ukachapisha!"

"Mjomba, ni rangi ya mafuta. Nimeichora kwa mkono."

"Tutaona." Nikapitisha kiganja kwa nguvu.

Shavu la mke wangu likahamia sikioni. Tuli akashika kichwa.

"Mjomba, haijakauka!"

Mke wangu akaniangalia. "Baba Nesto, si unajua mbichi kwa kugusa? Haya, tuambie."

Nikaficha mkono mfukoni haraka. Suti yenyewe nyeupe.