Mayai ya Taa

Kwa miaka kumi na moja nilifundisha biolojia katika sekondari moja ya Lubumbashi, na kila mwaka niliwasomea wanafunzi kwamba taa, wale samaki bapa wa baharini ambao kwa Kifaransa huitwa raie, wote hutaga mayai. Bahari sijawahi kuiona. Taa vilevile. Nilikuwa na daftari nililorithi kwa mwalimu aliyenitangulia, ambaye naye hakuwahi kufika mbali kuliko Sakania, hapo mpakani na Zambia. Ukiwa na ushahidi wa namna hiyo, unasema kwa sauti kubwa.

Siku moja jirani yangu, mama anayeuza samaki wa barafu sokoni, aliniita uani kwake. Katika katoni iliyopitia Zambia alikuwamo samaki mmoja mpana kama sinia, mkia kama mjeledi, na mwiba juu yake. Mama alikwisha kumpasua.

"Prof, angalia. Iko na batoto mu tumbo."

Walikuwa watatu, wamejikunja, tayari wana macho na mikia.

"Haiwezekani," nikasema. "Taa hutaga mayai."

Mama akamtazama samaki, kisha akanitazama mimi. "Basi umuambie yeye mwenyewe."

Nilishinda kwenye simu mpaka mega za intaneti zikaisha. Mama alikuwa sawa. Wapo wanaotaga, ila wenye mwiba mkiani huzaa, tena huzaa wachache na huchelewa kukomaa. Wavuvi wakizidi kuvua majike wenye mimba, bahari itabaki na maji tu. Nilimweleza mama hayo kwa uchungu mkubwa. Kisha tukamla na bukari, ugali wetu wa huku, nami nikaomba kuongezewa mchuzi.

Darasani nilisahihisha kosa kwa fahari, kana kwamba wale watatu niliwazaa mimi. Wiki hiyohiyo akaja inspekta wa shule. Alinisikiliza, akafungua programu yake, kile kitabu cha mtaala wa serikali.

"Professeur, hapa baliandika mayai."

"Lakini batoto niliwaona, Monsieur l'inspecteur."

"Uliona wapi?"

"Ku jirani."

"Jirani haiko mu programme."

Nikawageukia wanafunzi. "Muandike mayai," nikasema, bila hata kumeza mate.

Kwenye mtihani wote waliandika mayai, isipokuwa msichana mmoja wa benchi la mbele. Aliandika kwamba inategemea ni taa gani, akaeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Nilijua inspekta angezipitia karatasi. Nikampa sifuri, kwa wino mwekundu na mwandiko mzuri.

Alinifuata nje. "Prof, nilikosea wapi?"

"Haukukosea. Ulisikiliza sana."

Hakucheka. Alikunja karatasi yake mara nne, akaondoka.

Inspekta aliniandikia "très bon", yaani vizuri sana, na mwaka uliofuata nikawekwa mkubwa wa walimu wa biolojia. Niliandika barua kuomba programu irekebishwe. Mpaka leo sijajibiwa. Msichana alihamia shule nyingine kabla sijapata ujasiri wa kumrudishia alama zake.