Redio Isiyokuwa na Ugonjwa

Watu wa Mlalo wakimtaja marehemu Hezekia, fundi redio, husema alikuwa mtu mpole. Upole gani? Mimi Rajabu, fundi cherehani, nilikaa naye baraza moja miaka kumi na sita, yeye upande wa dirishani na mimi upande wa ngazi. Nasema alikuwa mbishi. Mvua ikinyesha atakwambia haijanyesha, ni ukungu tu, na huku maji yanamtiririka shingoni. Upole ulimjia baadaye, na mimi nilikuwepo ulipomjia.

Ufundi aliupata Tanga mjini, kwa bwana mmoja aliyemfagilisha duka miaka mitano kabla ya kumruhusu ashike chuma cha kuchomelea risasi. Alirudi milimani mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na sanduku la vyuma na miwani iliyofungwa kwa uzi. Uzi wenyewe nilimpa mimi, wala hakunirudishia. Akishatengeneza redio haitoi siku hiyo hiyo. Huiwasha pale barazani, ikaimba kutwa, kesho yake tena, ndipo amwite mwenyewe. Ikiimba siku mbili mezani pake, basi imepona, na asije mtu kumwambia vingine.

Sasa, mwaka wa vita vya Kagera, alikuwapo mama mmoja mjane, Dorkasi, aliyekaa juu mlimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Kristofa, kijana mrefu aliyeimba kwaya kanisani kwao. Kristofa alijiandikisha mgambo, akaenda vitani na wenzake. Mwezi wa pili ikaja barua yake. Alisema watu wa redio wamepita kambini kwao na kinasa sauti, wamewarekodi salamu kwa ajili ya nyumbani, na zitasikika Alhamisi moja alasiri. Alhamisi ipi, hakujua. Baada ya barua hiyo haikuja nyingine.

Basi Mama Kristofa akawa mtu wa Alhamisi. Alikuwa na redio ndogo aliyoachiwa na marehemu mumewe. Na redio hiyo, ikifika Alhamisi alasiri, salamu zinarushwa, inakohoa mara mbili na kunyamaza kimya. Usiku inalala. Asubuhi anaiwasha, inaimba.

Akaifunga kwenye kanga, akaitia kikapuni, akashuka nayo mpaka kwetu. Hezekia akasema mawe yamekwisha, yaani betri. Mama akatafuta mawe mapya, na enzi hizo duka la kijiji lilikuwa na mawe pale tu lilipojisikia. Redio ikaimba barazani siku mbili bila kukwama. Mama akaichukua. Alhamisi ikazima.

Mara ya pili Hezekia akasema swichi imeingia masizi. Akaisugua, akakaza antena, akaifuta mpaka ndani. Ikaimba siku mbili. Alhamisi ikazima.

Mara ya tatu aliifungua yote, akaitandaza mezani, akapekua waya mmoja mmoja na hakuona kitu. Ikaimba siku mbili kama mpya. Mama alipokuja kuichukua na kuuliza kwa adabu kama fundi ana hakika, Hezekia akavua miwani.

"Mama Kristofa, redio haina ugonjwa. Mwenye ugonjwa ni wewe. Hofu ya mtoto ndiyo inayokuziba masikio."

 Mama aliifunga redio kwenye kanga yake, akaikaza fundo, akasema ahsante fundi, akapanda kwao. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo. Baadaye nikamwambia, "Mgosi, bwana wangu, hapo umekosea, mama wa watu ana mtoto vitani." Akasema fundi husema kweli.

Alhamisi iliyofuata niko kwenye cherehani, nashona sare za shule, na redio ya mteja mwingine inaimba mezani kwa Hezekia. Salamu zikaanza. Huyu wa Singida, huyu wa Newala. Mara tukasikia, "Mimi ni Kristofa wa Mlalo, Lushoto."  Hezekia akainua mkono ninyamaze, na mimi wala sikuwa nikisema. Ni miguu yangu tu iliyokuwa inakanyaga cherehani, maana kazi ya haraka ina wazimu wake. Salamu zikapita. Tukapeana mikono kama tumezaa sisi. Hezekia akasema, unaona, sasa hivi mama yake anacheza huko juu.

Asubuhi ya Ijumaa tukamwona anashuka na kikapu. Mimi mdomo wangu hauna kufuli, nikamwahi tangu mbali: Mama Kristofa, hongera, umemsikia kijana? Akasimama. Akatutazama, mimi kisha Hezekia. Akasema redio ilizima anaposalimu yule wa Newala.

Hezekia alikaa chini. Sijapata kumwona mtu mzima akikosa pa kuweka mikono yake namna ile. Kisha akainuka, akachukua sanduku lake la vyuma, akamwambia mama watangulizane, anataka kuiona redio inakolala. Miaka yote ile hakuwahi kwenda nyumbani kwa mteja. Nikafunga cherehani nikawafuata, sikutaka aende peke yake akaropoke tena.

Tulipofika ilikuwa adhuhuri na ukungu umejaa uani, huoni mgomba. Mama akatukaribisha jikoni kwenye joto, akawasha moto, akateleka makande ya jioni kama afanyavyo kila siku, maana makande hayaivi kwa haraka. Kisha akaiwasha redio, akapanda kigoda, akaiweka juu ya kichanja. Kichanja cha kila nyumba ya Kishambaa ni kile kile, miti iliyopangwa juu ya mafiga. Ndipo tunapoweka mahindi ya mbegu, moshi uyalinde na wadudu na unyevu. Redio akaisogeza katikati ya mahindi yale, akaifunika kitambaa chake cha kufuma, kizuri, chenye maua.

Ikaimba. Moto ukakolea, chungu kikaanza kutokota. Tukakaa. Baada ya muda redio ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Hezekia akanyoosha mkono aishushe, akaurudisha upesi. Ilikuwa ya moto kama mkate. Akamwuliza mama kwa sauti ya chini kwa nini anaiweka pale.

"Ningeiweka wapi, fundi? Ukungu unaingia mpaka kitandani. Mbegu nimeiweka hapo, na redio nimeiweka hapo. Ndiyo mali yangu."

Na kweli, angeiweka wapi? Hata kwa Hezekia mbegu ilikaa juu ya moto. Mara tatu aliishika redio ile inanuka moshi, asiulize, maana huku kwetu nani hanuki moshi? Akaitoa nje kwenye baridi. Kabla hajafungua mfuniko ikaanza kuimba yenyewe. Akairudisha motoni, ikanyamaza. Akaitoa, ikaimba. Ndipo alipoifungua, akagusagusa ndani kwa njiti ya kiberiti, akaona tone moja la risasi limeachia. Likipata joto, waya unanyanyuka kidogo tu, jicho halioni. Ikipoa, unarudi mahali pake. Na ile saa moja na nusu ya kushuka Mlalo katika baridi ilitosha kuipoza, kila mara ikatufikia nzima. Akapasha chuma chake kwenye moto ule ule wa makande, akalikaza tone lile, kazi ya dakika mbili.

Kisha akampigia mama magoti. Hezekia, mbishi yule.

"Mgonjwa nilikuwa mimi, mama. Nisamehe."

"Redio imepona, fundi," mama akasema. "Ila Alhamisi imeshapita."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilituuma zaidi. Hezekia akaanza kumwambia alichosikia: mama shikamoo, mimi ni mzima. Mimi nikakumbuka kwamba alitaja sweta, kwamba analivaa. Mama akauliza kama alikohoa. Hezekia akasema hapana, hakukohoa. Akauliza, na mwisho alisemaje?  Mwisho ulimezwa na cherehani yangu.

Siku mbili Hezekia hakugusa redio ya mtu. Alizunguka soko zima, mlango kwa mlango, akiuliza nani alisikiliza Alhamisi. Watu wakamwona amechanganyikiwa. Hatimaye Jenoveva, muuza kabichi, alikuwa ameyashika maneno. Jumapili, watu walipotoka kanisani, Hezekia alipanda tena kwa Mama Kristofa, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akamwambia salamu yote toka mwanzo, kwa utaratibu, kama mtoto anayesoma darasani:

"Mimi ni Kristofa wa Mlalo, Lushoto. Namsalimu mama yangu, Dorkasi. Mama, shikamoo. Mimi ni mzima. Sweta ulilonifumia ninalivaa. Mahindi ya mbegu usiyamalize, niachie nusu, nitakuja kupanda mwenyewe."

Mama akasema marahaba. Akalia, na Hezekia akalia naye.

Masika ile mama alipanda nusu ya mbegu. Nusu akaiacha kichanjani. Mwezi wa sita, vita vimekwisha na watu wanapiga vigelegele, balozi wa nyumba kumi alipanda kule na wageni wawili kutoka wilayani, na tulipowaona wanapita barazani kwetu bila kusalimia tukajua. Kristofa hakurudi. Nusu ile mama aliipanda mwenyewe wakati wa vuli, na mbegu yake anayo mpaka leo.

Tangu hapo Hezekia hakutengeneza redio bila kwanza kwenda kuiona nyumbani inakokaa. Alipanda milima hii yote na sanduku lake, na ndiko watu walikomjua, wakamwita mpole. Na kila mwaka, masika ikikaribia, Mama Kristofa alishuka na kikapu, akaiweka redio mezani kwake. Hezekia huiwasha, ikaimba, akaizima. Hakuna kati yao aliyesema ina nini. Kisha husimama, akavua kofia, akamwambia salamu yote toka mwanzo, na mama akaitikia marahaba, akaifunga redio yake na kupanda kwao.

Tulimzika Hezekia mwaka themanini na nne, mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu nikamwona Mama Kristofa anapanda ngazi za baraza, pole pole, miguu imemchoka. Meza ya Hezekia ilikuwa tupu. Akasimama mbele yake na kikapu, kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akageuka ashuke.

Nikaondoa miguu kwenye cherehani. Nikamwomba aketi, nikaipokea redio, nikaiwasha, ikaimba, nikaizima. Nikavua kofia yangu.

"Mimi ni Kristofa wa Mlalo, Lushoto," nikasema.