Kijaluba Nilichokitoa Bila ya Kukifungua

Ipo siku moja nnayoikumbuka, mwanangu, ambayo miaka yote hii haijaifuta, na kila nikiikumbuka hunishika haya kama kwamba ilikuwa jana. Juzi, hapa nyumbani Al Khoudh, nilikuona na simu yako ukiagiza vijaluba sita, visanduku vidogo vya kaure, kutoka Ufaransa, kila kimoja kiende moja kwa moja kwa mmoja wa mashoga zako, wewe mwenyewe usikitie hata machoni. Nimengoja mpaka leo Ijumaa, watu wametoka, chai ipo, nikwambie.

Najua umevipenda kwa kuviona kabatini mwangu. Kimoja limau, kimoja kiatu, kimoja kinanda kisichozidi kidole gumba, vyote vimechorwa kwa mkono, na kila kimoja kina mkanda wa shaba ukingoni, bawaba yake na kifungo chake. Nilianza kuvikusanya nikiwa na umri kama huo wako. Nilikuwa karani wa serikali kule Ruwi, na babu yako, Mungu amrehemu, safari yake ya kwanza ya Paris aliniletea hicho cha limau. Basi nikashikwa. Kila anayesafiri namwagizia, kila duka la manukato Matrah naulizia. Nikatengeneza kabati la vioo, nikaliweka sebuleni, na ufunguo nikautia mkobani.

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walimsema mtu wa sura nzuri na tabia mbovu. Mie nilikuwa sijali ndani mna nini. Nilijua kila ua lililochorwa nje, lakini sikuvifungua, nikichelea bawaba zisilegee. Hata punje ya karafuu haikuwahi kuingia.

Sasa nikujulishe na Salma, maana hukumdiriki. Mama yangu aliponizaa, kule Unguja, aliugua sana, hana maziwa. Jirani yetu Bi Thuwaiba ndiye aliyeninyonyesha, ziwa moja mie, ziwa jengine binti yake, Salma. Kwa hivyo Salma alikuwa dada yangu kwa ziwa, na Bi Thuwaiba mama yangu wa pili. Tulipokuja huku Oman tulikuja pamoja. Mie nikasoma nikapata kazi, Salma akaolewa Sidab na mvuvi, mtu mwema kabisa, na Bi Thuwaiba akakaa naye.

Mwanzo nikenda Sidab kila wiki. Kisha kila mwezi. Kisha nikawa natuma salamu. Nilikuwa nimewajua wake wa wakubwa kule Qurum, na roho yangu ilikuwa huko. Bi Thuwaiba alipofariki nilikenda matangani siku tatu, nikalia, na kulia kwangu kulikuwa kwa kweli. Siku ya nne nikarudi kwenye mambo yangu.

Hata arubaini yake ilipopita, asubuhi moja Salma akaja kwangu. Nilikuwa na wageni, sahani za halua zinapita, nimevaa nikavaika. Hakutaka kukaa. Alinishika mkono pale mlangoni, akanitilia kijaluba kiganjani: yai jeupe, lina ua moja la buluu, basi.

"Ukifungue ukiwa umetulia," akanambia.

"Inshallah, dada yangu. Ahsante."

Nakwambia kweli yangu, mwanangu, nilivunjika moyo. Yai nilikuwa nalo tayari, tena zuri zaidi. Nikalisukuma nyuma ya kabati.

Haukupita muda nikaalikwa kwa Bi Zuwena, Qurum. Huyu alikuwa mtu mzima, mke wa mkubwa mmoja, na yeye pia akikusanya vitu vya kaure. Mwaliko wake nilikuwa nimeutamani mwaka mzima. Kwake hakuendwi mikono mitupu, na kutoa katika vile nivipendavyo roho ilinigomea. Nikalitoa lile yai, nikalifunga utepe, nikampelekea. Akanishukuru sana. Nami nikarudi nyumbani najiona nimecheza vizuri.

Siku chache baadaye simu ikalia. Salma.

"Vipi, umekivaa?" akaniuliza, na sauti ilikuwa na furaha.

"Nimevaa nini?"

"Kipini cha mama. Alichokivaa puani maisha yake yote. Kabla hajakata roho alisema ni chako."

Nikasema, "Bado, dada, nakiweka kwa siku maalumu." Uongo huo, mwanangu, ulinitoka kirahisi kuliko jina langu.

Nikachukua gari mpaka Qurum, njia nzima nikitunga la kusema. Sikupata kulisema. Bi Zuwena alinikalisha, akanimiminia kahawa, kisha akaingia ndani na kutoka na lile yai limefungwa kitambaa.

"Hiki ndicho ulichokijia," akasema.

Sikuweza kumtazama. "Ulikifungua lini, bibi?"

"Ulipotoka tu. Mie kila nnachopewa nakifungua. Nikaona kipini cha zamani, kimelika kwa kuvaliwa. Nikajua huyu mtoto hakufungua."

"Mbona hukunipigia simu?"

"Nilitaka nijue itakuchukua siku ngapi." Akaniwekea mkononi. Hakunipandishia sauti, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia. "Sikiliza, binti. Umetoa kitu usichokijua, kwa mtu usiyempenda, upate usichokihitaji. Kipini cha nani?"

Nikamwambia. Macho yake yakabadilika.

"Mama wa ziwa!" akasema. "Basi toka hapa uende ukamwambie mwanawe kwa mdomo wako. Usimtume mtu. Na usimfiche."

Nilikenda Sidab siku ile ile. Salma alikuwa barazani anachambua mchele. Nikakaa chini, nikamweleza yote, hata ule uongo wa kwenye simu. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, polepole:

"Mama alipotaja jina lako nililia. Mie ndiye niliyemuuguza, mie niliyemwosha. Nikasema basi, ni wosia wa mama, na huyu pia ni mwanawe. Nikazunguka Matrah siku tatu nakutafutia kijaluba, kwa kuwa najua unavipenda."

Nikamwambia, "Kichukue wewe, Salma. Wewe ndiye unayestahiki."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wosia si kitambaa cha kubadilishana. Ni chako. Nenda nacho."

Kutoka siku hiyo hakukanyaga kwangu. Mie nikawa nakwenda kila Ijumaa. Akinipa kahawa na maneno mawili matatu: khabari, watoto, kwaheri. Ijumaa nyengine hata hayo mawili hakunipa. Nilitamani anitukane, nafsi ipumue. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyo humlei wewe, anakulea yeye. Miezi ikapita hivyo. Ndipo siku moja, nimeshaaga, akanambia, "Pua yako haijatobolewa."

"Haijatobolewa."

"Sasa kipini utakivaa wapi?" Akaniamrisha nikae, akaleta sindano, akaipitisha motoni. "Tulia. Usije ukanilaumu."

Iliniuma, nikatokwa na machozi. Yeye pia alikuwa akilia, na sote wawili tukasingizia sindano. Akakitia kipini kwa mkono wake, akarudi nyuma kidogo kunitazama, akasema, "Umefanana naye." Tukawa ndugu tena mpaka siku aliyofariki, tena zaidi ya mwanzo.

Basi sikusemi kwa kukusanya, mwanangu. Vizuri ni vizuri, na Mungu anapenda uzuri. Lakini kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ukipewa kitu, kifungue, tena mbele ya aliyekupa ukiweza, umwone uso wake. Ukitaka kutoa, kishike kwanza wewe, ukijue, ukimfikirie yule unayempa: anapenda nini, amepitia nini mwaka huu. Tia ndani chochote, hata kipande cha udi, hata neno kwenye karatasi. Nenda nacho mwenyewe. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, usimtume mtu akuombee radhi, na usichoke kugonga mlango ambao hufunguliwi. Mie niligonga miezi, na nnamshukuru Mola hakunichosha.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na jicho la kuona unachopewa. Akujaalie ndugu watakaokwambia kweli, na umri wa kutosha wa kutengeneza utakachokivunja. Nenda, mwanangu, na radhi zangu zote ziko juu yako.